Kiwiko cha Faruk

Dar es Salaam
2 Juni 2024

Wifi yangu Hasna,

Assalaam alaykum. Barua hii nimempa Obedi, dereva wa basi la Sumbawanga, yule mrefu aliyekuwa akimtania kaka yangu Faruk kwamba Coaster yake, lile basi dogo la Chala, ni toroli lenye honi. Najua simu yako iko kwenye kabati la mama yangu mpaka eda yako iishe, na mama mwenyewe akiona namba yangu anaiacha iite mpaka ichoke. Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi.

Hujaniuliza kwa nini sikuja kumzika Faruk. Heri ungeuliza, ningejibu kwa hasira yakaisha.

Madaktari walipokwambia kwamba taifodi yake imezigomea dawa zote walizokuwa nazo, nilimpigia mtu wa maabara wa hapo nikamsihi anitumie vijidudu walivyootesha kutoka kwenye damu yake. Nilitaka tuvipime huku kwenye maabara yetu ya chuo tupate hata dawa moja inayoviweza. Kibali kikaandikwa, kisanduku cha barafu kikasafirishwa, nami nikabaki kukisubiri badala ya kuja kumuuguza. Kilifika Jumanne mchana. Nilikuwa nakifungua, glavu mikononi, baba mdogo Hamis akapiga kuniambia kwamba Faruk amefariki alfajiri na atazikwa alasiri hiyo hiyo.

Nilikata simu nikaendelea kufungua kisanduku. Nilijiambia kwamba hata nikipanda basi saa ile nitakuta udongo umeshakauka. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu. Sikutaka kufika mahali ambapo kila mtu anajua jambo moja, na mimi nilazimike kulijua pia.

Vijidudu viliota. Asubuhi nilikuta kisahani kimejaa vidoa vya kijivu, vinang'aa kidogo ukivielekeza kwenye mwanga. Kwa utaratibu tunaandika namba juu ya kisahani. Mimi niliandika Faruk. Kila wiki namhamishia kwenye kisahani kipya chenye chakula kipya, na sehemu yake nyingine naitunza kwenye chupa ndogo ndani ya friza. Anaendelea vizuri. Sijui kama ni vibaya kukuandikia hivi, lakini sina mwingine wa kumwambia. Nikiwa naye pale mezani sijioni mpweke, na nyumbani kwangu nikirudi siwezi kulala.

Niambie hali yako, na hali ya mama.

Wifi yako,
Nadhira

* * *

Mazwi, Sumbawanga
11 Juni 2024

Wifi,

Waalaykum salaam. Kwanza pole, maana nadhani huko hakuna aliyekupa pole. Wamekupa likizo?

Pili, digrii unazo mbili na ya tatu iko jikoni, lakini barua ya msiba hujui kuandika. Barua ya msiba inasema poleni, Mungu ametoa Mungu ametwaa, nawasalimu wote. Wewe umeniletea kisahani.

Sikuuliza kwa nini hukuja kwa sababu nilijua ungenijibu, na mimi nilikuwa nimeshiba majibu. Daktari alikuwa nayo, shehe alikuwa nayo, kila aliyeingia hapa na kilo ya sukari alikuwa na lake. Sasa umenijibu na nimekusamehe nusu. Nusu nyingine utaipata ukija.

Hali yangu ni ya mtu aliyekaa chumbani na nguo nyeupe akisikiliza upepo unavyohangaika na mabati. Baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Kinachonimaliza ni ile Coaster. Mama amemwagiza konda awe anaiwasha kila alfajiri ili betri isilale, na anaiacha iungurume pale uani kama robo saa. Miaka sita nimeamka kwa mlio huo, nikijua Faruk anapasha injini na sasa hivi ataingia kuomba chai. Masikio yangu hayajaambiwa. Kila siku nanyanyuka.

Sasa nikueleze jambo. Mama aliona bahasha, akataka nimsomee. Miwani yake haimsaidii tena na alitaka kusikia ulichoandika. Nikaanza vizuri. Nilipofika kwenye kisahani nikataka kuruka, lakini ulishaona mama akimsikiliza mtu anayetaka kuruka kitu. Akanishika mkono. Nikasoma mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale uliposema anaendelea vizuri. Nikarudia. Halafu akauliza, "Anakula nini?"

Nikamwambia mama, ni vijidudu hivyo. Ni ugonjwa, si yeye.

Akasema, "Nimekuuliza anakula nini."

Nikamjibu kwamba umeandika unampa chakula kipya kila wiki. Basi wifi, mama alitabasamu. Tangu msiba sijaona meno yake. Nilifurahi kwa sekunde moja, kisha nikaogopa. Jioni nikamsikia ukutani akimsimulia Mama Raymond wa jirani kwamba Faruk yuko Dar kwa dada yake.

Mji wetu unaujua, na maneno ya uchawi ambayo watu wa huko hukutania nayo ukisema kwenu ni Sumbawanga unayajua zaidi. Andika barua nyingine haraka. Eleza hiyo kazi yako vizuri, kwa lugha ya mtu, nimsomee.

Hasna

* * *

Dar es Salaam
19 Juni 2024

Wifi Hasna,

Nimecheka nilipofika kwenye "anakula nini", halafu nikaacha. Msomee mama haya, polepole.

Kila kijidudu cha taifodi kina uzi mmoja mrefu wa vinasaba, na ndani ya uzi huo ndimo yalimoandikwa yote kinayopaswa kufanya. Uzi ni mrefu mara mamia kuliko kijidudu chenyewe. Usipokunjwa kwa utaratibu unajifunga mafundo, na kijidudu hakiwezi kuzaa. Kuna protini inayoukunja. Ina umbo la fimbo. Ukitaka kuielewa, chukua koleo la mkaa: lina bawaba upande mmoja, miguu miwili mirefu, na huko mwisho vichwa viwili vinavyobana. Miguu ikilaliana unaona fimbo moja nyembamba. Tofauti na koleo, fimbo hii ina kiwiko katikati. Hujikunja pale, bawaba ikashuka mpaka karibu na vichwa, kisha hunyooka tena, na kwa kujikunja na kunyooka huko inadhaniwa ndivyo inavyouvuta uzi na kuupanga.

Fimbo ni ndogo mno, hadubini yetu haiioni. Kazi yangu ni kuikisia. Protini ni mlolongo wa herufi. Naipa kompyuta herufi hizo, nayo inanijengea umbo. Pale ilipo na uhakika inapaka buluu. Pale inapobahatisha inapaka rangi ya chungwa. Msimamizi wangu, Daktari Suma, anatafuta dawa itakayoingia kwenye mkunjo wa kiwiko kama kabari, ili koleo likwame na kijidudu kife. Dawa hiyo haipo bado. Kwanza lazima tujue mkunjo una umbo gani.

Kwenye kijidudu cha Faruk herufi chache za kiwiko ni tofauti na za vingine. Fimbo nzima inakuja buluu, kiwiko kinakuja chungwa. Mara kompyuta inanipa kilichokunjika, mara kilichonyooka. Nimeirudia sijui mara ngapi.

Na jambo jingine nimeliona kwa hadubini. Koleo likifanya kazi vibaya, kijidudu kinapogawanyika uzi wote unabaki upande mmoja. Pacha wa pili anazaliwa mtupu. Ukuta anao, umbo analo, ndani hamna kitu. Kwenye kisahani cha Faruk wamo wengi. Wanakaa katikati ya wenzao, na kwa muda huwezi kuwatofautisha mpaka uwatie rangi inayoonyesha uzi. Wenye uzi wanawaka, hao wengine wanabaki giza. Siku ya kwanza nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Mama akisikia haya ataelewa kwamba ni kazi ya kawaida, haina uchawi ndani yake.

Nadhira

* * *

Mazwi
8 Julai 2024

Wifi,

Nimekawia kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuambia hili bila kukutukana. Sijaipata.

Nilimsomea mama barua yako yote, polepole kama ulivyotaka. Koleo hakulijali. Fimbo hakuijali. Nilipofika kwa hao watupu akaniambia nisimame. Akauliza, "Ukuta upo, umbo lipo, ndani hamna mtu?" Nikasema ndivyo ulivyoandika. "Na ukimtazama huwezi kumtofautisha?" Nikasema kwa muda, ndiyo.

Akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Basi aliyezikwa ni huyo mtupu. Mwenyewe yuko kwa Nadhira."

Umeelewa ulichofanya? Alikuwa na tetesi tu za Mama Raymond kwamba mwanawe kafanywa msukule. Wewe umempelekea ushahidi, tena wa chuo kikuu.

Ungekuwa hapa ungeona jambo la ajabu. Wengine wakiambiwa mtoto wao ni msukule wanapiga mayowe. Mama amenenepa. Msukule hajafa, wifi. Msukule ameibwa tu kwa uchawi, na kilichoibwa kinarudishwa. Hakulaani, anasema kama lazima awe kwa mtu, bora awe kwako kuliko kwa mgeni, ila muda wa kumrudisha umefika. Dua za jioni amezifuta. Wageni wa msiba anawapokea mlangoni na kuwaambia hakuna msiba. Mchana anapakua ugali na samaki wa migebuka kwenye sahani ya ziada na kuifunika kawa, jioni anaifunua, anakula yeye mwenyewe, anasema, "Leo amechelewa."

Mimi ameniambia nivue nyeupe. Mke wa mtu aliye hai hakai eda. Nimekataa, tunavutana kila siku. Na hapa ndipo panaponihusu, uniwie radhi kwa kujifikiria. Eda ikiisha nilikuwa nirudi kwetu Milanzi. Baba ameshanisafishia chumba, cherehani yangu iko pale. Nina miaka thelathini na moja, sina mtoto, nataka kushona nguo na siku moja, Mungu akipenda, nicheke tena na mtu. Mama anasema siendi popote. Nitamsubiri mume wangu. Nitamsubiri mpaka lini, wifi? Mtu aliyekufa humsubiri, unamlilia ukamaliza. Huyu mliyenitengenezea wewe na mama hana mwisho.

Nimezisoma barua zako zote mbili tena usiku. Umeandika koleo, umeandika kiwiko, umeandika rangi ya chungwa. Hujaandika mahali popote, wewe kwa neno lako, kwamba Faruk amekufa. Umeandika tu kwamba Hamis alipiga simu akasema hivyo. Mama si mjinga. Ameona.

Hasna

* * *

Dar es Salaam
14 Julai 2024

Hasna,

Barua yako imeniudhi, na kilichoniudhi zaidi ni mwisho wake.

Sikubaliani na huo upuuzi wa msukule na wewe hukubaliani nao, kwa hiyo usiniweke kwenye mkeka mmoja na mama. Mimi nafanya kazi. Nitakuja, lakini si sasa. Kisahani kinahitaji kuhamishwa, na hapa hakuna ninayeweza kumwachia. Naomba unipe muda.

Acha nikuambie ninachotafuta, huenda utanielewa. Kama kiwiko chake kinakunjika, kuna mfuko pale ndani, na dawa ya Daktari Suma siku moja ingeingia. Maana yake Faruk aliwahi kuugua tu. Angeugua miaka kumi baadaye angepona. Kama kiwiko kimenyooka, hakuna mfuko. Dawa hiyo isingemfaa leo wala kesho, na kule kusubiri kisanduku, na kutokuja, na yote niliyoyafanya, hayakuwa na maana yoyote. Kompyuta inasema haijui. Kila ninapoirudisha naomba iseme kinakunjika.

Juzi Daktari Suma aliketi karibu yangu. Ni mtu wa Mbeya, hapigi kelele. Akaniambia, "Nadhira, ili kuunda modeli tunahitaji herufi tu, na herufi tunazo tangu Mei. Kisahani na chupa vya nini? Ni kijidudu cha hatari, nafasi ya friza ni finyu, na wewe unakishika zaidi ya inavyotakiwa." Nilimjibu kwamba nakihitaji kwa uthibitisho. Hakuuliza uthibitisho wa nini.

Mwambie mama namsalimu.

Nadhira

* * *

Mazwi
30 Julai 2024

Nadhira,

Leo sikuiti wifi. Nikikuita wifi nitaanza utani na sina nafasi.

Mama amemleta fundi wa uganga kutoka bondeni, anaitwa Clemens. Ana viatu vizuri na sauti ya upole. Amekaa sebuleni, akala ile sahani ya Faruk, akasema kaburini hamna mtu. Kilichomo ni gogo la mgomba lililovishwa sanda. Kaburi likifunguliwa na gogo likatolewa, aliyemshika atalazimika kumwachia. Siku waliyopanga ni Jumamosi ya tarehe kumi Agosti. Shehe amekataa, akaondoka bila kunywa chai. Baba mdogo Hamis ameenda Namanyere kwa safari ya biashara ambayo haikuwepo juzi. Vijana wa majembe wamepatikana. Mimi sina sauti, mimi ni mke wa mtu.

Nadhira, mimi nilimwona. Hospitali walimfunga haraka, wakasema tusifungue, lakini kabla hawajamfunga nilikuwa pale. Nilishika taya lake mpaka likakaa. Nilimfumba jicho la kushoto, lilikuwa halitaki. Hakuna gogo la mgomba lenye ndevu. Wakifungua watamkuta yeye, baada ya miezi hii yote, na mama atasimama pale atazame. Unajua atakachoona? Wewe umesoma hayo, unajua vizuri kuliko sisi. Na akishaona hatatoka tena pale shimoni, hata tukimbeba kumrudisha nyumbani.

Nimemwambia yote haya. Anasema nilidanganywa macho. Anasema anasubiri neno la Nadhira, kwa sababu Nadhira ndiye aliye naye.

Mimi namwona kama mzazi aliyechanganyikiwa kwa uchungu, sina ubaya naye. Wewe nakuona vingine. Mtaalamu wako wa Mbeya amekuambia chupa haina kazi. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, halafu ukapita haraka. Basi ni ya nini? Mama anamfunikia chakula, wewe unambadilishia kisahani. Niambie tofauti.

Obedi anarudi kesho. Barua yako ifike kabla ya Jumamosi hiyo. Usimwandikie mama habari za kiwiko. Mwandikie neno moja.

Hasna

* * *

Dar es Salaam
6 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama.

Naandika haya ili Hasna akusomee, asiruke kitu.

Faruk amekufa, mama. Alikufa Jumanne alfajiri, tarehe kumi na nne Mei, mkewe yuko kando yake. Sikuwepo. Ningeweza kuwepo, nikachagua kisanduku. Aliyeko kaburini ni yeye. Naomba msimguse.

Kilichokuwa kwangu kilikuwa ugonjwa wake. Nilikipa jina lake kwa sababu sikuwa na kitu kingine chake. Jana nilichukua visahani vyote na chupa kutoka kwenye friza, nikaviweka ndani ya mashine ya mvuke tunayoulia vijidudu, nikafunga. Hakuna kilichobaki. Nimemwambia Daktari Suma aandike kwamba kiwiko kimenyooka. Kompyuta ilikuwa inasema hivyo mara nyingi zaidi, ni mimi niliyekuwa nahesabu zile chache. Hakukuwa na dawa, mama. Hata ningekuwa na akili mara mia.

Mwache Hasna avae nyeupe yake, amalize, aende kwao.

Mwanao,
Nadhira

* * *

Mazwi
13 Agosti 2024

Wifi yangu,

Kaburi halikufunguliwa. Nakwambia hilo kwanza ukae chini, kisha usome mengine.

Barua ilifika Alhamisi. Nilimsomea mama jikoni, akiwa anachagua maharage. Sikuruka. Mpaka pale uliposema amekufa alikuwa anachagua tu, mawe huku maharage huku. Niliposoma habari ya mashine akasimamisha mikono. Akaniuliza mvuke huo ni wa moto kiasi gani. Nikasema sijui, lakini wa kuua. Akauliza kama ulifunga wewe mwenyewe. Nikasema umeandika hivyo.

Wifi, alilia. Nilishakaa misiba mingi, na sijasikia kilio kile. Mama Raymond alikuja na upawa mkononi. Watu wa mtaa mzima walijaa uani, na safari hii aliwapokea kama watu wa msiba. Clemens alipofika Ijumaa akamkuta mama yuko chini kwenye mkeka, akamwambia, "Nenda zako, baba, mwanangu amekufa." Akaenda. Vijana wa majembe wakabaki kupika pilau.

Lakini sasa sikiliza alivyoelewa. Kwa mama, Faruk hakufa Mei. Amekufa wiki iliyopita, tarehe tano, ndani ya ile mashine, na aliyemuua ni wewe. Anawaambia hivyo wanaokuja, bila hasira, anavyosema mtu kwamba mvua ilinyesha. Shehe alijaribu kumsahihisha, akachoka. Mama alitaka na mimi nianze eda upya kutoka siku hiyo. Hapo nilisimama. Nilimwambia mama, eda yangu ni ya yule niliyemfumba macho, nayo inakwisha mwezi ujao, na siku hiyo baba yangu anakuja na pikipiki kunichukua. Alinitazama sana. Akasema, "Basi nitakaa mimi." Amevaa nyeupe yangu ya akiba. Mama mzazi hana eda ya mwanawe, kila mtu amemwambia. Amekaa.

Coaster hawaiwashi tena. Kumekuwa kimya mpaka nasikia kuku wa Mama Raymond wanavyokwaruza.

Sasa swali. Ameniagiza nikuulize, na amekaa hapa pembeni yangu akihakikisha naandika. Anataka kujua mwishoni ilikuwaje. Kama aliumia. Kama alimwita mtu.

Ametoka kwenda kutia udhu, kwa hiyo haya ni yangu. Ukimjibu kwamba mle ndani hamkuwa na mtu, utakuwa umesema kweli, na mimi nitamsomea. Lakini kama hakufa mle, kwake atakuwa hajafa popote, na Clemens hajaenda mbali, yuko kwa ndugu yake hapa Mazwi. Ukimjibu anachokiuliza, atamzika. Ila wewe utabaki kuwa ndiye uliyemuua, mbele yake, mbele ya mtaa, mpaka mtakapozeeka. Sikuchagulii. Mimi nimechagua la kwangu na nimechoka.

Hasna

* * *

Dar es Salaam
18 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo.

Nimepata salamu zako kwa Hasna, na swali lako. Naomba radhi kwa kukuchelewesha, nilianza barua hii mara kadhaa.

Ilikuwa asubuhi. Nilimweka ndani kwa mikono yangu, nikafunga mlango, sikumwachia mtu mwingine. Ile mashine ina sauti ya maji yanayochemka, si kubwa. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake nikamsomea Yasini, nilipokosea nikarudia. Wenzangu walipita hawakunisemesha. Hakuumia, mama. Alikuwa amechoka, alikuwa anataka kulala.

Uliuliza kama alimwita mtu. Alikuita wewe. Mara moja, kisha akanyamaza.

Siku ya hitma nitakuja kwa basi la Obedi. Nitasimama nje getini. Ukiona vema unifungulie, na usipofungua nitaelewa, maana mlango ule niliufunga mimi.

Nadhira